Kuku wa Wastani

Usiitafute nchi hii kwenye ramani. Waliochora ramani walikosea mpaka wake mara tatu, mwishowe wakachoka, wakaiacha igawanywe na rangi za majirani. Iko kusini, mbali na bahari, juu ya uwanda ambako baridi ya Julai hukata masikio. Inaitwa Jamhuri ya Utuo, na fedha yake inaitwa imara. Jina hilo la fedha lilichaguliwa na kamati ya wataalamu, na kamati ikaomba ilipwe kwa fedha ya nchi nyingine.

Nayasema haya mapema usije ukadhani naisema nchi yako. Nchi yako ni njema, na bei zake unazijua mwenyewe. Katika Utuo mkate ulikuwa na bei ya asubuhi na bei ya mchana. Mtu aliweza kuingia foleni asubuhi akiwa mteja, akafika dirishani mchana akiwa mtazamaji tu, na hakuna aliyemdhulumu.

Katika nchi hiyo aliishi Mama Nasilele na mumewe, Mzee Sitwala, katika nyumba ya kumi na mbili ya Mtaa wa Reli ya Zamani. Nyumba zenyewe zilijengwa kwa ajili ya wafanyakazi wa treni. Treni iliondoka siku moja na haikurudi, wafanyakazi wakabaki wanaisubiri hadi wakastaafu. Binti yao Nasilele aliolewa ng'ambo ya mpaka, na nauli ya kuja kuwaona ilikuwa imepanda hadi akaacha kuiulizia.

Mzee Sitwala alikuwa na kifua kikuu. Zahanati ilimpa vidonge vinne vya kila asubuhi kwa miezi sita, bure kabisa, na muuguzi akamvuta mkewe pembeni.

"Mama, asivimeze juu ya tumbo tupu," alimwambia. "Vitamchoma na atavitapika. Akivikatiza, ugonjwa utarudi na hasira."

Kwa hiyo vidonge vilikuwa bure, ila kile cha kuvitangulia tumboni ndicho kilichonunuliwa. Mama Nasilele aliipanga dunia yake yote kuizunguka asubuhi hiyo: bonge la ugali na yai moja. Unga aliupata kwa ruzuku ya serikali, imara mia tisa mfuko mmoja. Yai alilipata kwa mtetea wao mwekundu, kuku wa pekee aliyesalia mtaa mzima. Mzee Sitwala alimwita Stesheni Masta, kwa vile alivyotembea uani akikagua vitu ambavyo havikumhusu.

Mwezi wa kwanza ulipita, na Mzee Sitwala akaanza kupanda ngazi ya mlangoni bila kushika ukuta. Mama Nasilele alifurahi sana, lakini hakumwambia mtu. Alikuwa mtu wa kuogopa kutaja neema kabla haijakaa.

*

Sasa, serikali ya Utuo haikuwa serikali ya kubahatisha. Ilitaka kujua wananchi wanaishije, na kwa kuwa kumuuliza kila mmoja kungechosha, ilianzisha Ofisi ya Taifa ya Ukaguzi wa Sufuria. Wataalamu walikaa miezi minane katika hoteli yenye ziwa la kutengenezwa, wakagundua kwamba katika kila nchi upo mtaa mmoja ambao ni wa wastani kamili: si tajiri, si maskini, si mfupi, si mrefu. Mtaa huo ukipatikana, sufuria zake zikifunuliwa, taifa zima limefunuliwa.

Kura ikapigwa, ikauangukia Mtaa wa Reli ya Zamani.

Redio ikatangaza: "Mnamo Jumanne, saa nne asubuhi, afisa atafunua sufuria za kaya kumi na mbili za wastani. Wananchi wanaombwa kuishi kama kawaida."

Tangazo hilo liliandikwa na watu waliosoma sana, na labda ndiyo sababu hawakujua jambo moja ambalo kila mtoto wa Utuo analijua. Mgeni haonyeshwi chungu kitupu. Akija, hata akija bila hodi, hata akija kukudai, atakula. Na kama kwako hakuna, jirani atakupitishia sahani kwa mlango wa uani wakati mgeni anakaribishwa kwa mlango wa mbele, na mgeni hataambiwa, wala jirani hatalitaja tena. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, lakini hizo siku mbili wenyeji wa Utuo wanaziheshimu kama sala.

Jumatatu hiyo wanawake wa mtaa walikutana kwenye bomba. Hakuna aliyezungumzia takwimu. Walizungumzia kitoweo.

"Mgeni wa serikali," alisema Mama Likando wa nyumba ya kwanza, mwanamke mrefu aliyefunga kilemba hata akienda kufagia. "Anakuja kwetu na sisi tumpe nini? Majani ya maboga? Atakwenda kusema huko mjini kwamba mtaa huu hauna watu."

Macho yote yalimgeukia Mama Nasilele, kisha yakageukia ndoo, kwa adabu. Hakuna aliyetamka neno kuku. Mama Nasilele alijaza ndoo yake, akajitwika, akaenda nyumbani bila kuaga, na kila mmoja pale bombani alijua amekubali.

"Na yai langu?" aliuliza Mzee Sitwala alipomwona akinoa kisu.

"Mgeni anakuja, Baba Nasilele."

Mzee Sitwala alifikiri kidogo. "Kama ni mgeni, basi," alisema, na akageuza uso asimwone Stesheni Masta akikamatwa.

*

Afisa aliyekuja aliitwa Bwana Kashweka. Alikuwa mtu mwembamba, mkanda wake umetobolewa matundu mapya matatu kwa msumari, na alikuwa hajalipwa mshahara kwa miezi minne. Alibeba fomu ndefu, mizani ndogo, na kijiko cha serikali chenye nambari. Kanuni ya Saba ya ukaguzi ilisema afisa ataonja kijiko kimoja cha kila sufuria ili kuthibitisha kwamba kilichomo ni chakula, na Bwana Kashweka aliipenda Kanuni ya Saba kuliko zote.

Nyumba ya kwanza alikuta sufuria ya kuku mzima. Alipima, akaonja, akaandika. Alipokuwa akitia sahihi mbele, sufuria ilitoka nyuma, ikapita tundu la ua, ikatua juu ya jiko la nyumba ya pili. Huko nako alikuta kuku. Akapima, akaonja kijiko kimoja, akaonja kingine kwa ajili ya uhakika. Nyumba ya tatu, kuku. Nyumba ya nne, kuku.

Ilipofika nyumba ya saba kuku huyo alikuwa amepungukiwa mbawa zote mbili, na afisa aliandika: *Kaya hii hununua kuku wasio na mbawa.* Nyumba ya kumi alikuta shingo. Alipoingia nyumba ya kumi na mbili, kwa Mama Nasilele mwenyewe, palikuwa na mchuzi na mguu mmoja ulionyoosha vidole.

Bwana Kashweka aliutazama mguu ule kwa muda. Alikuwa mtoto wa Utuo, mama yake alikuwa amepitisha sahani nyingi uani katika maisha yake, na sidhani kama hakuelewa. Lakini fomu haikuwa na mahali pa kuandika alichoelewa.

"Karibu, mwanangu," alisema Mama Nasilele. "Kula."

Akaula mguu ule hadi kwenye kucha. Kisha akaandika: *Kaya hii hupendelea miguu.* Mzee Sitwala alipewa mchuzi uliobaki, akamezea vidonge vya siku hiyo, na akasema ulikuwa mtamu.

*

Baada ya wiki tatu Waziri wa Unafuu wa Maisha, Mheshimiwa Siyoto, alilihutubia taifa. Alikuwa na sauti ya mtu anayejisikiliza.

"Ndugu wananchi, adui zetu walisema mna njaa. Sisi hatukujibu kwa maneno, tulijibu kwa sufuria. Kaya kumi na mbili kati ya kumi na mbili, yaani asilimia mia moja, zimekutwa zinakula kuku, tena siku ya kazi, tena kabla ya mchana. Hata nchi zilizoendelea hazijafika huko. Huyu ndiye kuku wa wastani, naye ni kuku wa kila mmoja wetu. Na kwa kuwa mwananchi wa wastani amekwisha kuuacha unga na kuhamia kwenye kuku, serikali haioni sababu ya kuendelea kutoa ruzuku ya chakula kisicholiwa."

Jumamosi mfuko wa unga wa imara mia tisa uliuzwa elfu mbili na mia moja.

Mama Nasilele alisimama dukani mkono wake ukiwa bado umekunjwa juu ya noti tisa. Mwenye duka hakumtazama usoni. Alirudi na unga wa kupimwa kwenye kikombe, na njiani aliwaza jambo moja tu, kwamba kuku alikuwa wake. Kama angemficha kuku yule chini ya kapu, sufuria zote kumi na mbili zingekuwa na majani ya maboga. Wazo hilo lilimkalia kifuani na halikumtoka tena.

Ugali wa asubuhi ukawa nusu ya ulivyokuwa, kisha ukawa uji, na yai halikuwepo. Mzee Sitwala alimeza vidonge, akatoka nje, akainama karibu na shina la mpapai. Mama Nasilele alimsikia, na mumewe alipoingia ndani alimwuliza kama vimekaa.

"Vimekaa," alisema Mzee Sitwala.

*

Mama Nasilele alikwenda Ofisi ya Sufuria. Alitembea kwa miguu saa mbili, kwa kuwa nauli ya basi ilikuwa sawa na kikombe kimoja cha unga. Dirishani alimkuta Msaidizi wa Naibu Msajili, bwana mmoja mwenye kalamu nne mfukoni.

"Nimekuja kusahihisha," alisema Mama Nasilele. "Kuku yule alikuwa mmoja. Tulimpitisha uani."

Msaidizi alifungua faili, akasoma kwa kidole. "Hapa nina kuku kumi na wawili, mama."

"Alikuwa mmoja, baba. Alikuwa wangu. Nilimlea mwenyewe."

"Kila kuku ametiwa sahihi. Wewe hasa umeandikwa mpenda miguu." Alimtazama kwa upole, maana hakuwa mtu mbaya. "Ukikana kitoweo chako, unalifanya taifa kuwa na kuku pungufu. Hilo ni kosa. Lakini sheria ni ya haki. Kama kweli una njaa, unaruhusiwa kuapa. Kuna Hati ya Kiapo cha Njaa."

"Naomba hiyo."

"Imara elfu mbili na mia tano, na picha mbili."

"Ningekuwa nayo hiyo, baba, ningenunua unga. Nisingekuwa na njaa."

"Unaona sasa," alisema Msaidizi, akafurahi kwamba wameelewana. "Ndiyo maana tangu hati hiyo ianzishwe hakuna hata mmoja aliyeapa. Hakuna mwenye njaa. Ni takwimu."

Alitembea saa mbili kurudi. Jua lilikuwa kali na hasira yake ilikuwa kali zaidi, lakini haikuwa na wa kumwangukia. Angeweza kumchukia yule bwana wa kalamu, ila aliona shati lake lilikuwa limegeuzwa kola, kama ifanywavyo kola ikichakaa upande mmoja ili ivaliwe upande wa pili.

*

Mungu si Athumani. Mwezi wa Mei redio ilitangaza ukaguzi wa marudio. Wahisani kutoka nchi za mbali walikuwa wamesikia habari za kuku wa wastani na walitaka kumwona kwa macho. Mheshimiwa Waziri angewaongoza mwenyewe.

Safari hii Mama Nasilele aliwaita wenzake bombani, yeye ambaye hakuwahi kuita mkutano.

"Wanarudi Alhamisi," alisema. "Wafunue wakute tupu. Zote kumi na mbili. Wakiona tupu kumi na mbili, watarudisha ruzuku. Hawatakuwa na la kusema."

Wanawake walitazama miguu yao.

"Mama yangu alikufa hajamwonyesha mgeni chungu kitupu," alisema Mama Likando taratibu. "Na miaka ile ya nzige alikuwepo."

"Mama Likando, mume wangu anatapika dawa." Hakuwa amelisema hilo kwa mtu yeyote. "Mficha maradhi kilio humfichua. Tumeficha vya kutosha. Nawaomba aibu ya siku moja tu."

Mama Likando, kilemba na vyote, aliinama akachota maji kwenye kiganja, akayamwaga chini. Hivyo ndivyo watu wa Utuo wanavyoapa. Wengine wakafuata mmoja mmoja, na Mama Nasilele akaenda nyumbani akitembea wima.

*

Alhamisi ilifika. Mama Nasilele aliweka sufuria yake jikoni ikiwa na maji matupu, akaifunika, akakaa kando yake amevaa kitenge chake kizuri. Mzee Sitwala alikuwa chumbani, ameketi kitandani, vidonge vinne kiganjani, akisubiri uji ambao siku hiyo haukuwepo. Zilikuwa zimepita siku mbili wakiishi kwa majani.

Msafara ulisimama nyumba ya kwanza. Mama Nasilele alitega sikio asikie kimya cha sufuria tupu. Badala yake alisikia vicheko vya wageni, na baada ya muda upepo ukamletea harufu ya maharage yaliyoungwa kwa karanga.

Alidhani pua inamdanganya. Lakini nyumba ya pili ilinukia dagaa wa kukaanga. Ya tatu ilinukia nyama. Harufu zilishuka mtaa mzima zikimjia, kila moja na nyumba yake, na safari hii hakuna sufuria iliyopita uani. Kila mwanamke alikuwa amekopa kwa siri mahali pa mbali, au ameuza kitu, akiamini kwamba wenzake watatimiza kiapo na kwamba sufuria moja haitaharibu hesabu.

Mlango wa uani ulisukumwa. Alikuwa Mama Likando, anahema, na sahani iliyofunikwa kwa kitambaa.

"Chukua haraka. Wako nyumba ya kumi."

"Tuliapa, Mama Likando."

"Tuliapa." Macho yake yalijaa machozi. "Mpaka juzi nilikuwa na wewe. Nikawaza viatu vyao mlangoni. Niliuza redio ya marehemu mume wangu, mwenzangu, nilidhani ni mimi peke yangu. Sasa utabaki wewe peke yako, na mimi siwezi kukuona unaaibika. Chukua."

Aliiweka sahani mikononi mwake, akapotea. Ilikuwa maharage na bonge la ugali mweupe, moto bado. Mama Nasilele aliitazama sufuria, akaitazama sahani. Kuitia sufuriani kungemwokoa na aibu. Hakuitia. Alikwenda chumbani akampa mumewe.

"Kula, Baba Nasilele. Kula uvimeze."

Kisha akarudi, akakaa, akawasubiri.

Waliingia wengi, nyumba ikajaa. Mheshimiwa Siyoto mbele, wahisani wanne waliokuwa wakipangusa midomo, na Bwana Kashweka na kijiko chake. Mama Nasilele hakusema "karibuni, mle." Alikuwa hajawahi kuliacha neno hilo maishani mwake. Alikiondoa kifuniko mwenyewe.

"Ni maji," alisema. "Hakuna kitu. Nyumba hii haina chakula, na nyumba nyingine pia hazina. Mmekula deni."

Bwana Kashweka alisogea akatazama ndani. Kwa mujibu wa Kanuni ya Saba alichovya kijiko, akaonja. Ilikuwa maji. Akafungua fomu: kuku, ng'ombe, samaki, mboga, *vinginevyo, taja*. Kidole chake kilipanda na kushuka. Kisanduku cha *hakuna* kilikuwa kimeondolewa na wataalamu katika hoteli ile ya ziwa, kwa sababu hakikuwahi kutumika.

"Mheshimiwa," alisema kwa sauti ya chini, "hapa sijui niandike nini."

Mmoja wa wahisani aliweka kalamu juu ya daftari lake. Kwa mara ya kwanza siku hiyo uso wa Waziri ulikosa la kufanya, na Mama Nasilele aliuona ukikosa.

Ndipo kutoka chumbani Mzee Sitwala akakohoa. Waziri alisukuma pazia. Pale kitandani alikaa mzee mmoja, sahani tupu magotini, anaramba vidole.

"Aaa," alisema Mheshimiwa Siyoto, na sauti yake ikarudi nyumbani. "Mabibi na mabwana, tumechelewa. Kaya hii imekwisha kula, na sufuria imeshaoshwa. Tazameni maji yenyewe. Usafi wa namna hii mnauona wapi? Andika, kijana: *wameshiba mapema.*"

Bwana Kashweka alimtazama Mama Nasilele. Kisha akaandika.

Wahisani walipiga makofi kidogo kwa ajili ya usafi. Wiki iliyofuata gari la serikali lilimletea Mama Nasilele zawadi ya taifa, sufuria kubwa iliyopakwa rangi ya dhahabu, na maelekezo kwamba isiwekwe motoni kwa kuwa rangi itayeyuka.

*

Unga ulifika elfu tatu na mia nne. Mama Likando hakutoka nyumbani siku kumi, na alipotoka hakuwa na kilemba.

Mama Nasilele aliuza kitenge, akauza kiti, akajaribu kuiuza sufuria ya dhahabu, lakini hakuna aliyekuwa na cha kupika. Mzee Sitwala alikuwa mtu wa maneno machache, na siku hizo maneno yake yalibaki mawili. Akipewa uji alikunywa mafunda matatu, akalisogeza bakuli kwa mkewe. "Nimeshiba," alisema. Akiulizwa dawa, alisema, "Nimemeza." Mama Nasilele aliamini, kwa kuwa alikuwa na njaa, na mwenye njaa humwamini anayemsogezea bakuli.

Mzee Sitwala alikufa mwishoni mwa Julai, asubuhi ya baridi, kabla uji haujachemka.

Alipokuwa akikunja blanketi, Mama Nasilele alikuta kofia ya reli chini ya mto, ile aliyostaafu nayo mumewe. Ndani yake vilikuwemo vidonge, vingi, vimepangwa vinne vinne kwenye karatasi ndogo ndogo. Alivihesabu hadi siku thelathini na tano akashindwa kuendelea. Alikaa sakafuni na kofia mapajani, akalia kwa sauti, na majirani waliosikia wakajua.

Matanga yalikuwa makubwa. Katika Utuo mfiwa hapiki, na waombolezaji hawakai na njaa. Mtaa ulijikamua, mitaa ya jirani ikajikamua, ugali ukasongwa kwenye mapipa. Mama Likando alisimamia masufuria siku tatu bila kulala, na hakumtazama Mama Nasilele machoni. Nasilele binti yao alituma salamu, nauli haikutimia.

Siku ya tatu alikuja Bwana Kashweka, bila mizani na bila kijiko. Alikaa mkekani na wanaume, akapewa sahani kama wengine, akala huku machozi yakimdondokea ndani. Watu walipopungua alimwendea mjane, akachuchumaa.

"Pole, mama."

"Nimeshapoa, mwanangu."

Alitoa fomu iliyokunjwa, na mkono wake ulikuwa na aibu. "Kanuni inataka kaya ikibadilika tuandike. Sikutaka aje mwingine. Hapa panaulizwa idadi ya watu. Palikuwa na wawili."

"Andika mmoja," alisema Mama Nasilele.

Akaandika mmoja. Nadhani katika fomu zote za nchi ile hiyo ndiyo nambari pekee iliyokuwa kweli.

*

Mwezi ulipita. Mama Nasilele alikuwa jikoni asubuhi moja, redio ya mumewe ikiwa dirishani, na sauti ya Mheshimiwa Siyoto ikaingia ndani bila hodi.

"Ndugu wananchi, nina furaha. Hapo mwanzo tulipima chakula kwa kaya. Sasa, kwa ushauri wa wahisani, tunakipima kwa kila kichwa. Tumegundua kwamba katika Mtaa wa Reli ya Zamani iko kaya ambayo, ndani ya mwezi mmoja tu, chakula kwa kila kichwa kimeongezeka maradufu. Narudia, maradufu. Bila ruzuku. Huo ndio mfano wa kuigwa na taifa zima."

Mama Nasilele alikuwa ameshamimina unga kwenye maji yanayochemka, kikombe kimoja. Mkono ulikwenda kwenye kopo kuchota kikombe cha pili, cha Baba Nasilele, ukasimama hewani. Alitazama ndani ya kopo.

Ulikuwepo. Kwa mara ya kwanza tangu Stesheni Masta achinjwe, unga ulikuwa umebaki wa kesho, na wa kesho kutwa. Waziri alikuwa amesema kweli.

Alifunika kopo. Akasonga ugali wake mdogo, akaugawa mara mbili kwa mazoea, akakaa akiutazama ule wa pili hadi ukapoa.